Kundi Limejaa, Majibu Hayaonekani: Vidokezo vya Kupanga Mijadala ya Programu Huria

Programu huria nyingi za kwetu huzaliwa hivi: watu wachache wanaofahamiana, mmoja anaweka msimbo GitHub, mwingine anafungua kundi la WhatsApp, kazi inaanza. Mwaka ukipita kundi lina watu mia tatu. Swali la namna ya kusakinisha linaulizwa kila wiki, aliyelijibu vizuri mara ya kwanza ameshachoka, na jibu lake limezama chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya mikopo. Mgeni anauliza, anangoja siku mbili, anaondoka kimya. Na huenda huyo ndiye mliyekuwa mkimtafuta.

Hitilafu ya msimbo hurekebishwa, ilimradi wapo watu wa kuirekebisha. Watu hao hupatikana au kupotea kwenye mazungumzo. Ndiyo maana naona kupanga sehemu za mazungumzo ni kazi ya mradi sawasawa na kuandika msimbo wenyewe, na inataka mtu wa kuishika kwa makusudi. Kama umeishika wewe, vidokezo vyangu ni hivi.

1. Tenganisha maswali, maamuzi na soga

Aliyekwama usiku anataka jibu. Anayepanga toleo lijalo anataka hoja na utulivu. Anayempongeza mwenzake kwa kupata mtoto anataka furaha na emoji. Ukiwaweka wote chumba kimoja soga hushinda, kwa kuwa ndiyo rahisi kuandika.

Debian, mradi ulioanzishwa 1993, una orodha za barua pepe zilizogawanywa kwa kazi: debian-user kwa watumiaji, debian-devel kwa wanaoujenga mfumo, debian-announce kwa matangazo tu. Majina hayo hayana mbwembwe, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mtu akiyasoma anajua aingie wapi bila kumuuliza yeyote. Kwa hiyo chumba cha maswali kiite "Maswali", wala usikipe jina la mnyama au la mlima.

Soga msiifute. Watu waliozoea kutaniana hubishana kwa heshima siku ya kubishana ikifika.

2. Vyumba vitatu vinatosha kuanzia

Usifungue chumba cha Android, cha tafsiri, cha usanifu na cha ajira siku ya kwanza. Mgeni akikuta vyumba tisa na saba havina kitu, ataamini mradi umekufa. Fungua kipya pale tu mada moja inapoanza kuwafunika wengine, na kilicholala miezi sita kifunge, yaliyomo yabaki yakisomeka.

3. WhatsApp ibaki, ila isiwe kumbukumbu yenu

Sitakuambia ulifunge kundi. Watu wako humo na bando la WhatsApp wanalimudu. Shida ni yale yanayopotea. Kundi moja linabeba watu 1,024 tu. Google haifiki ndani yake. Anayeongezwa leo kwa kawaida haoni yaliyosemwa jana. Slack nayo, kwa asiyelipa, tangu Septemba 2022 huonyesha meseji za siku 90 zilizopita, basi. Discord inahifadhi vizuri, lakini ambaye hajajiunga hawezi kutafuta kitu humo.

Tazama swali linavyoingia. Saa nne na nusu usiku: "Wakuu habari za usiku. Sistimu imegoma baada ya kuapdeti, inaleta error 500. Msaada jamani." Chini yake skrinshoti iliyokatwa katikati, sehemu yenye maelezo ya kosa haionekani. Watatu wanaandika "zima uwashe". Wa nne, anayejua, anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu wenye jibu kamili, hatua kwa hatua. Muulizaji anashukuru, kundi linalala, na maarifa yote yale yamebaki ndani ya sauti ambayo hakuna mtu atakayeitafuta akaipata. Mwezi ujao mwingine anauliza lile lile.

Mnahitaji mahali pamoja pa kudumu, panaposomeka bila kujisajili na panapotafutika. Discourse, iliyozinduliwa 2013 na yenyewe ni programu huria, inafaa jamii inayokua. Zulip imejengwa juu ya mada, ujumbe unakaa chini ya mada yake, na inawafaa wanaopenda mwendo wa gumzo bila fujo yake. Kama msimbo wenu uko GitHub na hamna mtu wa kuhudumia seva, sehemu yao ya Discussions itawatosha kwa muda mrefu.

Huku kwetu mfano upo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutengenezwa 2004 na kufungwa Eldoret 2006, unajadiliwa kwenye jukwaa liitwalo Talk, linaloendeshwa kwa Discourse. Msanidi programu wa Kampala au Kigali anasoma mjadala wa miaka iliyopita, anajua kwa nini kitu fulani kilijengwa vile, na hakuomba ruhusa ya mtu kuusoma.

Sasa wazoeze wajibuji wenu jambo moja. Swali likitua WhatsApp, lijibiwe hivi: "Karibu sana, dada. Hili limewasumbua wengi, nimelifungulia mada na jibu nimeliweka humo," kiungo kikifuata. Usimfokee mtu kwa kuuliza pasipo mahali pake. Mara ya kwanza mfungulie mada wewe. Akishaona jibu limekaa pale linamngoja, ya pili atafungua mwenyewe. Na aliyetuma sauti mwombe kwa upole aandike mistari mitano ya yale aliyoyasema. Akishindwa, andika wewe, umtaje jina.

4. Uamuzi uletwe hadharani, upewe saa 72

Kwenye taasisi ya Apache, iliyoundwa 1999, kuna msimamo unaojulikana na kila mtu: jambo ambalo halikupita kwenye orodha ya barua pepe halikutokea. Mnaweza kukutana mgahawani, mkapigiana simu, mkakubaliana mia kwa mia. Bado mtarudi mkaandike pale wote wanaposoma: tunapendekeza hivi, kwa sababu hizi, semeni. Kura zao kwa kawaida hukaa wazi saa 72 au zaidi. Anayekubali anaandika +1, anayepinga -1, na anayetaka kuzuia mabadiliko ya msimbo lazima aeleze sababu ya kitaalamu, la sivyo pingamizi lake halihesabiki.

Siku tatu zina maana. Aliyeko kazini mchana kutwa anapata usiku wa kusoma. Aliyeko bara jingine anapata mchana wake. Aliyekatikiwa umeme anarudi. Na anayeandika taratibu, ambaye kwenye gumzo maneno yake hufika mada ikiwa imeshapita, safari hii anasikika.

Bila utaratibu wa kumaliza mjadala, watu huungua. Mwaka 2018 jamii ya Python ilibishana muda mrefu juu ya pendekezo namba 572, lililohusu alama moja tu ya kuandikia msimbo. Pendekezo lilipita, lakini Julai mwaka huo Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha hiyo na kuiongoza kwa miaka mingi, aliachia uongozi, akieleza kwamba hataki tena kupigania pendekezo kwa kiasi kile. Jamii ikachagua baraza la watu 5. Msingoje mtu wenu afike hapo. Andikeni mapema nani anaamua nini, na mjadala unafungwaje.

5. Jambo dogo lipewe mwenye kuamua

Oktoba 1999 Poul-Henning Kamp, mmoja wa wajenzi wa FreeBSD, aliwaandikia wenzake barua iliyokuja kuwa maarufu. Walikuwa wamezama kubishania kama amri ndogo ya kuisubirisha kompyuta ikubali sehemu za sekunde. Akawakumbusha mfano wa mwandishi Parkinson: kamati hupitisha ujenzi wa mtambo wa nyuklia haraka, maana hakuna anayeuelewa, kisha hukesha ikibishania banda la baiskeli, maana kila mtu anajua banda ni nini na anataka lionekane na mkono wake.

Nembo, rangi ya tovuti, jina la toleo: haya ndiyo mabanda yenu. Kila moja likabidhiwe mtu mmoja na tarehe. Maoni yapokelewe hadi Jumapili, Jumatatu mhusika aamue, Jumanne watu warudi kazini.

6. Saa tatu ipi?

"Mkutano Alhamisi saa tatu usiku." Wa Tanga atawasha kompyuta 21:00. Mwingine aliyelelewa kwenye ratiba za Kiingereza anaweza kuamka 3:00 alfajiri akakuta hakuna mtu. Andika hivi: Alhamisi, 21:00 Afrika Mashariki (18:00 UTC). Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko UTC+3. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko UTC+2, kwao ni 20:00. Aliye Muscat yuko UTC+4, kwake ni 22:00. Muhtasari wa kikao uandikwe siku ile ile, hata mistari sita, kwa ajili ya aliyeshindwa kuingia.

7. Kiswahili kipewe nafasi yake

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, mradi wa watu walioamini kompyuta inaweza kusema nasi kwa lugha yetu. Imani hiyo iingie na kwenye mijadala. Vijana wengi wanasoma Kiingereza cha kitaalamu bila shida lakini wanaogopa kukiandika mbele ya watu mia tatu. Woga huo unatunyima maswali mazuri na ripoti za hitilafu ambazo hakuna mwingine angeziona.

Ruhusu swali liulizwe kwa Kiswahili na lijibiwe kwa Kiswahili. Kama mradi una wachangiaji wa nje, awepo mtu wa kutoa muhtasari wa maamuzi kwa lugha zote mbili. Ila maneno ya kosa kama kompyuta ilivyoyatoa yabandikwe yalivyo, yasitafsiriwe, maana hayo ndiyo mwingine atakayoyaandika kwenye Google akitafuta msaada.

8. Kanuni za mwenendo ziwe na watu wa kuzisimamia

Mfumo wa Linux, uliotangazwa na Linus Torvalds Agosti 1991, ulikuwa na mijadala iliyojulikana kwa ukali. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa namna alivyokuwa akiwasemesha watu, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant, waraka ulioanzishwa 2014 na Coraline Ada Ehmke. Kama mradi mkubwa kiasi kile ulihitaji kuandika kwamba matusi hayakubaliki, na ninyi andikeni.

Ukurasa mmoja unatosha. Kilicho muhimu zaidi ni mistari ya mwisho: ukitendewa vibaya, mwandikie nani? Wawe wawili au watatu, angalau mmoja mwanamke, na wasiwe wote marafiki wa mwanzilishi. Elezeni pia kitakachofuata: onyo, kunyamazishwa kwa wiki, kutolewa.

Kuna jambo ambalo wasimamizi wa kiume mara nyingi hawalioni. Kwenye WhatsApp kila aliye kundini anaiona namba ya kila mtu. Dada anauliza swali la kwanza la hifadhidata, na kabla hajajibiwa ameshapokea meseji tatu za faragha zisizohusu hifadhidata. Anatoka, na wengine wanaulizana kwa nini wanawake hawachangii. Jukwaa linalotumia jina la mtumiaji badala ya namba ya simu linaondoa sehemu kubwa ya kero hiyo. Anayewafuata watu faraghani atolewe hata kama ndiye mwandishi wenu bora wa msimbo.

9. Mkingeni mtunzaji

Hapa naomba usome taratibu. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana faili, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja anayejitolea, Lasse Collin. Mwaka 2022 kwenye orodha yao ya barua pepe walitokea watu wakilalamika mfululizo: mbona mabadiliko yanachelewa, mbona hutafuti msaidizi, mbona humpi mwingine. Alijibu kwa uungwana kwamba hali yake kwa muda mrefu haikuwa nzuri na kwamba ile ni kazi ya mapenzi isiyo na malipo. Hawakuacha. Pembeni alikuwapo mchangiaji mpole, mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan, na hatimaye alipewa funguo za mradi.

Mwanzoni mwa 2024 matoleo yaliyotoka chini ya mkono wake yalibeba mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Msanidi programu Andres Freund aliugundua kwa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa takribani nusu sekunde kuliko kawaida, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Wachunguzi wengi wanaamini wale walalamikaji walikuwa majina ya bandia, sehemu ya mpango ule ule.

Mlango huo ulianza kufunguliwa kwenye mazungumzo, muda mrefu kabla msimbo haujaguswa. Mtu aliyechoka alibanwa hadharani, na hakuna aliyesimama katikati. Kwa hiyo mpeni msimamizi wa mijadala mamlaka ya kusema: "Ndugu, huyu anajitolea. Ukihitaji haraka, leta msimbo au subiri. Ukiendelea hivi tutakuzuia kuandika." Na mtunzaji anaposema amechoka, wengine wagawane kazi wiki hiyo hiyo, bila kukurupuka kumkabidhi funguo yule anayeshinikiza kuliko wote.

10. Siri zisipite sebuleni

Aliyegundua tundu la usalama asilitangaze kundini. Wekeni anwani ya barua pepe inayosomwa na watu wawili, na muiandike kwenye faili la SECURITY lililo pamoja na msimbo.

Hatari ya kila siku ni skrinshoti. Mtu wa kituo cha afya anapiga picha ya kioo kuonyesha kosa, na juu ya kosa liko jina la mgonjwa, umri na majibu ya kipimo. Mwingine anabandika msimbo wa malipo ukiwa na funguo zake za Daraja (API ya M-Pesa ya Safaricom) ndani. Msimamizi afute mara moja, amwandikie mhusika faraghani abadilishe funguo, kisha akumbushe wote bila kumtaja mtu.

11. Anwani iwe yenu

Mei 2021 wahudumu wa Freenode, mtandao wa gumzo uliokuwa makao ya miradi mingi ya programu huria, walijiuzulu kwa wingi kufuatia mgogoro wa umiliki, wakaanzisha Libera.Chat. Miradi kama Ubuntu na Wikimedia ikahamia huko. Siku chache baadaye Freenode ikatwaa mamia ya vyumba ambavyo maelezo yake yalitaja Libera. Na Juni 2025 jamii ya Kubernetes iliarifiwa kwamba nafasi yake ya Slack ingeshushwa hadi mpango wa bure, kwa muda mfupi mno wa kujiandaa. Uamuzi ulibatilishwa, lakini hofu iliwafika.

Nunueni jina lenu la tovuti na lenyewe ndilo mlitangaze kila mahali, likimpeleka mtu kule mliko kwa sasa. Mkihama, mnabadilisha linakoelekea. Nakala ya mijadala ipakuliwe kila mwezi na ihifadhiwe na watu wawili wasioishi nyumba moja.

12. Mkihama, hameni wote tarehe moja

Mozilla walipoacha IRC Machi 2020 na kwenda Matrix, seva ya zamani ilizimwa, na hakukuwa na pa kurudi. Tangazeni mapema, mfunge uandishi pale pa zamani, muache kiungo cha makao mapya. Kuishi sehemu mbili kunawagawa watu na kuwachosha wajibuji.

13. Fungeni mlango kwa matapeli, siyo kwa wageni

Discourse ina ngazi za uaminifu kuanzia 0 hadi 4. Aliyejiunga leo hawezi kumwaga viungo na picha apendavyo, na kadiri anavyosoma na kushiriki, ruhusa zinapanuka zenyewe. Iacheni ifanye kazi hiyo. Kwenye WhatsApp, aliyetangaza mikopo ya haraka aondolewe bila majadiliano.

14. Wekeni zamu

Mwanzilishi akijibu kila swali, wengine hujifunza kumngoja. Gawaneni wiki: wawili wawili, Jumatatu hadi Jumapili. Kazi yao ni kuhakikisha hakuna swali linalomaliza siku mbili bila mtu kulisemea, hata kama kauli yenyewe ni "tumekuona, bado hatujui, tunamtafuta fulani". Wawape mkono wageni, waunganishe mada zilizojirudia, na Jumapili jioni waandike aya moja: yaliyoulizwa sana, yaliyobaki bila jibu, nani ameanza kujibu wenzake ingawa hakuombwa. Huyo wa mwisho aulizwe kama angependa kuingia kwenye zamu.

Funguo za usimamizi ziwe mikononi mwa watu watatu kwa uchache, kwenye jukwaa na kwenye kundi. Simu huibiwa, laini husajiliwa upya, watu hupata ajira mpya na kukosa muda. Leo jioni fungua orodha ya maadmini wa kundi lenu. Kama jina ni moja, ongeza la pili kabla hujalala, na la tatu wiki hii.